Shujaa Wako Amelipa Nauli?

Saa kumi na mbili jioni pale Feri huna pa kuegemea. Nauli yako ya shilingi 200 imeshakwenda, geti la kuingilia kivukoni limefungwa, na kivuko chenyewe bado kiko ng'ambo, Kigamboni, kinashusha magari. Mbele yako kuna mama na ndoo ya samaki, nyuma yako kuna mtu anakupumulia kisogoni. Kila mwenye simu anaangalia simu.

Mdogo wangu yuko kidato cha tatu, anasoma mjini. Mimi nilisoma fasihi chuo kikuu na sasa nauza mabegi ya shule kwenye duka la mjomba, Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Jioni tunakutana Feri, tunavuka wote. Juzi, tukiwa tumebanwa hivyo hivyo, akanigusa bega.

"Kaka, hii nimeimaliza. Nisome nini sasa?"

Aliyoimaliza ni riwaya ya Kijapani. Mwanafunzi anagongwa na lori, anakufa, anazinduka kwenye dunia nyingine akiwa na nguvu kuliko kila aliyezaliwa huko. Vitabu kumi na tatu. Amevisoma vyote kwa Kiingereza, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, akisubiri geti lifunguliwe.

Nilifurahi kuliko alivyojua. Mara ya mwisho kuniuliza swali hilo alikuwa kidato cha kwanza, nami nilimjibu vibaya. Nilimpa Nagona ya Euphrase Kezilahabi, kitabu chembamba ambacho hata sisi chuoni tulikuwa tunakisoma tukiwa tumeshikana mikono. Akasoma kurasa sita, akanirudishia kwa adabu, akasema asante kaka, na kwa miaka miwili hakuniuliza tena. Kosa halikuwa la Kezilahabi. Mtoto aliniomba kitabu, mimi nikampa cheti changu.

Kwa hiyo safari hii nilifikiri kabla ya kujibu. Na katika kufikiri nikajikuta nagombana kichwani na watu wa aina mbili.

Wa kwanza ni wakubwa. Baba yetu hizi riwaya anaziita katuni zisizo na picha. "Soma vitabu vya maana," anasema, na ukimuuliza vya maana ni vipi anataja vya mtihani. Lakini chini ya kitanda chake kuna boksi la viatu, na ndani ya boksi hamna viatu. Kuna Kufa na Kupona ya Elvis Musiba, iliyotoka 1974, haina jalada tena. Kuna Tutarudi na Roho Zetu ya Ben Mtobwa. Kuna Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla, ya 1965, kongwe kuliko ndoa yake. Ametusimulia mwenyewe jinsi mwalimu alivyomkuta na Willy Gamba chini ya dawati, akamchapa, akamwambia asome vitabu vya maana. Fimbo ile ile, imebadilisha mkono tu.

Riwaya za boksi la baba ndizo wasomi wetu wanaziita riwaya pendwa, na ukisikiliza wanavyolitamka neno hilo utadhani wanataja ugonjwa. Sasa linganisha. Wajapani wana riwaya nyepesi, wenyewe wanafupisha wanasema ranobe. Ni vitabu vidogo vya kuingia mfukoni, upana wake kama sentimita kumi na nusu, vimeandikwa kwa ajili ya kijana aliyesimama kwenye treni. Shujaa ni yule yule kitabu baada ya kitabu. Sura inakatishwa pabaya ili ukanunue nyingine. Nyingi za siku hizi zilianza bure kwenye tovuti ya Shōsetsuka ni Narō, iliyofunguliwa 2004, ambako yeyote anaweka hadithi yake sura moja moja, na zikipendwa mchapishaji anazifuata.

Mtu wa umri wa baba yangu akisoma maelezo hayo, atasema huyo ni Joram Kiango. Kitabu cha bei ya chini, shujaa wa kudumu, hadithi ya kusomea njiani. Na Mtobwa hakukaa kungoja mchapishaji amfuate: alianzisha kampuni yake, Heko, akachapisha. Baba na mdogo wangu ni wasomaji wa aina moja kabisa, wanalala nyumba moja, na kila mmoja anamwona mwenzake kapotea. Mzee anayemkataza mtoto ranobe huku ana Willy Gamba chini ya kitanda hatetei fasihi. Anatetea ujana wake.

Na tusimlaumu kijana kwa kusoma kinachopatikana. Kitabu cha Tokyo kinamfikia kwenye simu kabla kivuko hakijatia nanga. Kumpata Musiba inabidi uinamie vitabu vya mitumba vilivyotandikwa barabarani mjini, uombe Mungu kurasa za mwisho ziwepo.

Watu wa aina ya pili ni wenzangu, mashabiki. Hawa nawapenda, ndiyo maana nawasema. Muulize shabiki usome nini baada ya hapo, atakupa orodha: kumi bora, ishirini bora, zilizokwishatengenezewa katuni ya televisheni, na shujaa yupi angemshinda yupi wakipigana. Hapo hujaambiwa kitabu kinasema nini. Umepewa msimamo wa ligi.

Na orodha hizo zinajaza kitu kimoja: shujaa wa bure. Amekufa kwa lori, amezinduka, amekabidhiwa nguvu. Hakufundishwa, hakukosea, hakukopa. Wasichana wanampenda kabla hajasema neno. Adui anaanguka ukurasa ule ule alioingilia. Ukimaliza kitabu cha kwanza umemaliza vyote kumi na tatu, kwa sababu mtu ambaye hawezi kushindwa hana cha kutusimulia.

Najua jibu lenu, maana mdogo wangu alinipa: "Kaka, maisha yenyewe yanatulipisha kila kitu. Acha huko kwenye kitabu tupumzike." Ni hoja nzito, na siidharau. Mimi nashinda Kariakoo. Pale hata kivuli kina mwenyewe. Mteja anataka begi la elfu ishirini na tano kwa elfu kumi, mjomba anataka hesabu kamili saa kumi na moja, mzigo uliopanda bei huko ulikotoka unamsubiri yeye bandarini. Jioni nikifika Feri natamani na mimi lori la kunipeleka dunia nyingine.

Lakini nimejaribu. Nimesoma hizo za bure, nyingi tu, na hazinipumzishi. Nikifunga simu deni liko palepale, na sasa naliona kubwa zaidi, kwa sababu nimetoka kukaa na mtu ambaye hajui deni ni nini. Kilichonipumzisha ni kukuta kitabuni mtu mwenye hesabu ngumu kama zangu, nikatazama anavyohangaika nazo.

Kwa hiyo kipimo changu ni kile cha getini. Uliza: shujaa wako amelipa nauli? Akipata kitu, kimemgharimu nini? Anajua kazi gani? Akikosea, nani anaumia? Kama majibu hayapo, achana nacho, hata kiwe cha kwanza kwenye orodha ya dunia nzima.

Kwa kipimo hicho, anza na Spice and Wolf ya Isuna Hasekura, iliyoanza kutoka 2006. Ina mungu wa kike mwenye mkia wa mbwa mwitu, lakini usidanganyike na jalada: ni kitabu cha biashara. Lawrence ni mchuuzi anayezunguka na mkokoteni. Hadithi ya kwanza inahusu sarafu ya fedha na kiasi cha madini kilichomo, na nani atajua mapema ili afaidi. Kitabu cha pili ananunua mavazi ya chuma ya kivita kwa mkopo, vita havifanyiki, bei inaporomoka, na jamaa anabaki anakimbia mjini kuomba kwa watu waliokuwa wanamchekea jana. Niliposoma hapo nilifunga simu kidogo. Mtaa wa Kongo namfahamu zaidi ya Lawrence mmoja.

Cha pili ni Ascendance of a Bookworm ya Miya Kazuki. Ndiyo, huyu naye anakufa na kuzinduka kwingine, kwa hiyo msiseme nachukia mlango. Nachukia mlango usio na nauli. Msichana aliyependa vitabu kuliko chakula anaangukiwa na vitabu wakati wa tetemeko la ardhi, anazinduka ndani ya mwili wa mtoto mgonjwa wa askari wa getini, kwenye mji ambao vitabu ni mali ya wakubwa. Nguvu za kugawiwa hana. Anataka kusoma, kwa hiyo inabidi atengeneze karatasi mwenyewe. Anajaribu majani, anashindwa. Anajaribu vibao vya udongo, vinapasukia kwenye moto. Anakusanya vibanzi vya mti vya kuandikia, mama yake anavitia jikoni akidhani ni kuni. Mtoto wa nchi ambayo kitabu kimoja kinasomwa na dawati zima anaielewa hadithi hiyo bila kuelezwa.

Ukitaka fupi fupi, chukua Kino's Journey ya Keiichi Sigsawa, ya 2000. Msafiri na pikipiki inayoongea, siku tatu kila nchi, kisha anaondoka. Kila nchi imechagua namna yake ya kuishi, na Kino anaona wananchi wanavyoilipia. Sura moja inatosha foleni moja.

Halafu, tafadhali, rudi nyumbani ufungue boksi. Soma Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, ya 1960, umwone Bwana Msa akishinda kwa kutazama na kufikiri, silaha ambazo kila mmoja wetu anazo. Soma Mtobwa na Musiba. Wapime kwa kipimo kile kile, bila upendeleo wa ujamaa.

Hayo ndiyo niliyomwambia mdogo wangu geti lilipofunguliwa na watu kuanza kukimbia, kwa hiyo nusu hakuyasikia. Alianza na ile ya karatasi. Siku ya tatu aliniuliza, katikati ya maji, kama karatasi inaweza kutengenezwa kwa makuti. Nilimwambia sijui, ajaribu.

Jana nilimkuta anasubiri na kitabu kisicho na jalada mkononi. Alikuwa amekichukua bila ruhusa, na baba, aliyekuwa amemwona, alijifanya hajaona.

"Huyu Willy Gamba wenu," akaniambia, "anafyatuliwa risasi zote hizi hata moja haimpati. Na dada yule kampenda kwa lipi?"

"Ndiyo?"

"Hajalipa nauli, kaka." Akafungua ukurasa uliofuata. "Ngoja nione kama atalipa mbele."