Diploma mukononi, hesabu kichwani



Kila mwaka, wakati matokeo ya ekzameni ya Serikali yanapotoka, miji yetu inajaa kelele. Vijana wanamwagiana unga mweupe kichwani, mama wanaimba njiani, baba anatafuta kuku wa kuchinja. Ni furaha ya haki, na sisi tunafurahi pamoja nanyi. Lakini mwezi huu tunataka kuuliza ulizo moja ambalo watu hawapendi kuuliza siku ya karamu: mutoto huyu aliyepata diploma, je, yuko tayari kwa hesabu inayomungojea ku iniversite?

Maana munajua wenyewe yale yanayofuata mara nyingi. Baba anauzisha kiwanja, au mama anamaliza feza ya likelemba yote, juu ya kumutuma mutoto kusoma polytekinike huko Lubumbashi, ao Likasi, ao Kolwezi. Mwaka unapita. Mutoto anarudi na uso chini. Hapo jamaa inaanza kutafuta mukosaji: wengine wanasema wamemuloga, wengine wanasema profesa alitaka feza. Kuna walimu wabaya, hatukatai. Lakini mara nyingi sababu iko karibu zaidi: mutoto alienda kujenga gorofa juu ya musingi uliopasuka. Yesu mwenyewe, katika Luka sura ya 14, alisema juu ya mutu anayetaka kujenga munara: anaanza kwa kukaa chini na kuhesabu. Basi tukae chini kidogo.

EKZAMENI NA INIVERSITE HAZIULIZI NAMNA MOJA

Katika ekzameni ya Serikali, ulizo la hesabu linakuja na majibu yaliyoandikwa tayari. Mwanafunzi anachagua namba moja. Kama amepata 50 kwa mia katika jumla ya masomo, amepita. Hakuna mutu anayemuuliza: "Umefika pale kwa njia gani?" Kwa hiyo wafinalisti wengi wanajifunza kukamata jibu: wanajaribu namba moja moja, wanakumbuka formule, wanafuta yale yasiyofaa, wanachagua.

Ku iniversite mambo yanageuka. Karatasi iko nyeupe. Ulizo liko moja, na wewe unaandika njia yote, musitari kwa musitari, na kila musitari uwe na sababu yake. Ukiandika jibu la kweli bila njia, unaweza kupata pointi kidogo tu. Tena mwalimu hatazami kaye yako. Anafundisha watu wengi katika chumba kimoja, anaandika, anafuta, anaendelea. Kwa hiyo diploma yenye pointi nyingi inaweza kuficha udhaifu, wala haiko uongo wa mutoto. Ni kwamba aliulizwa kitu kimoja, na sasa anaulizwa kingine.

Musifikiri pia kwamba hesabu inangojea wale wa polytekinike peke yao. Anayesoma ekonomia anaikuta. Anayesoma udaktari anaikuta ndani ya fizike. Anayesoma kilimo ao saikolojia anakutana na statistike.

MUSINGI UNAPASUKA FASI GANI?

Wengi wanafikiri kwamba kinachoangusha mutoto ni mambo mapya na makubwa. Hapana. Mara nyingi ni mambo ya zamani, ya darasa la chini, ambayo hakuna mutu aliyerudi kuyatengeneza. Kijana, chukua kreyo, tujaribu pamoja.

La kwanza: 1/2 + 1/3. Kuna wafinalisti wanaoandika 2/5. Fikiri kama mutu. Ukiwa na nusu ya mukate, na mutu akikuongezea kipande, unaweza kubakia na kidogo kuliko nusu? 2/5 ni kidogo kuliko nusu. Jibu la kweli ni 5/6.

La pili: (a + 3)², na kijana anaandika a² + 9. Weka 2 fasi ya a. Upande mumoja ni 5 mara 5, ni kusema 25. Upande mwingine ni 4 na 9, ni kusema 13. Hazilingane. Ilikosa 6a katikati.

La tatu ni la hatari zaidi: x² = 5x. Kijana anagawanya kwa x pande zote mbili, anaandika x = 5, anafunga kaye. Lakini jaribu 0: 0 ni sawa na 0. Basi 0 pia ni jibu, na yeye amelitupa. Sababu gani? Juu ya kugawanya kwa kitu ambacho kinaweza kuwa 0, bila kujiuliza. Ile tabia ya kujiuliza "je, nina ruhusa ya kufanya hivi?" ndiyo hesabu ya iniversite yenyewe.

HESABU IKO HAPA KWETU

Wengine wanasema hesabu ni maneno ya Wazungu, haina kazi hapa. Ajabu, sisi tunaoishi juu ya shaba! Inchi yetu inatoa kobalti kuliko inchi ingine yote ya dunia, na kila kamyo inayopita mbele ya nyumba zetu inabeba hesabu.

Tuseme baba fulani ni mukreseri. Amepeleka ku depo mifuko 24 ya kilo 50, jumla kilo 1200. Wanasema mawe yana maji 10 kwa mia. Ondoa kilo 120, inabaki 1080. Wanasema shaba iliyo ndani ni 3,5 kwa mia. Basi ni kilo 37,8 za shaba. Sasa, kama karatasi inasema 2,5 fasi ya 3,5, shaba inakuwa kilo 27 tu. Baba amepoteza kilo 10,8 katika musitari mumoja wa kreyo. Mezali inasema wazi kwamba Mungu anachukia mizani ya udanganyifu. Lakini mutu asiyejua kuhesabu hataona hata kama mizani inamudanganya.

Sasa tupande kidogo. Angalia barabara ya kamyo inayotoka chini katika karyere. Kama kwa kila metre 100 za kwenda mbele inapanda metre 10, mupando wake ni 10 kwa mia. Huo mutoto wa humanite anaujua. Lakini kama barabara inapindika, mupando wake si mumoja kila fasi. Hapa penye gurudumu linasimama sasa hivi, mupando ni ngapi? Ulizo hili ndilo linaloitwa derive.

Chukua y = x², simama penye x = 3. Ukienda mpaka 4, y inatoka 9 inafika 16: mupando ni 7. Ukienda mpaka 3,1 tu, mupando ni 6,1. Mpaka 3,01, ni 6,01. Unaona inakimbilia wapi? Inakaribia 6. Mwanafunzi wako anajua kanuni: derive ya x² ni 2x, na 2 mara 3 ni 6. Vizuri. Lakini umuulize: hiyo 6 inatoka wapi? Akikueleza kama tulivyofanya hapa, yuko njiani. Akikujibu "mwalimu alituambia hivyo", kazi bado.

KWA NINYI VIJANA

Anza mapema. Musingi hautengenezwi katika miezi mitatu ya mwisho. Dakika 40 kila siku, siku 6 kwa juma, zinafanya saa 4. Katika majuma 30 umefikia saa 120. Siku ya Yenga upumuzike. Hiyo ni bora kuliko kukesha usiku kumi mbele ya ekzameni, macho mekundu, kichwa tupu.

Rudi nyuma bila haya. Fraksio, alama ya kutoa, kufungua mabano, kutafuta x: ukiwa na shaka juu ya kimoja, omba kaye ya mudogo wako na ufanye mazoezi yake. Hakuna haya ya kuchimba musingi tena. Haya iko pale nyumba inapoanguka.

Funika majibu. Unapofanya ulizo la ekzameni ya zamani, usiangalie zile namba za kuchagua. Fanya njia yote mpaka mwisho, kisha ufunue. Vilevile simu: ni chombo kizuri cha kutafuta maelezo, lakini kama inakupa jibu mbele hujateseka nalo hata kidogo, imekuibia somo.

Someni watatu watatu. Mumoja anaeleza mbele ya ubao, wengine wanamukatiza: "Sababu gani?" Asipojibu, wote wanarudi kwenye kaye. Ukijua kueleza, umejua kweli.

KWA WAZAZI

Mama moja anaweza kusema: "Mimi sikusoma, nitamusaidia mutoto wangu namna gani?" Mama, unaweza. Hauhitaji kujua jibu. Jioni, unapochambua mboga, mwambie mutoto akae karibu na umuulize mambo matatu: Unatafuta nini? Umepewa nini? Umetoka hapa na kufika pale kwa sababu gani? Kama anaeleza pole pole na wewe unafuata hata kidogo, ameelewa. Kama anakasirika na kusema "mama, haujui hii maneno", pengine ni yeye hajui.

Tena, mupe dakika zake 40. Musichana anateka maji, anapika, anabeba mudogo wake, na kisha tunashangaa kwamba kaka yake anamupita katika hesabu. Gawanyeni kazi za nyumba. Na neno hili "hesabu ni ya wanaume", tulitoe ndani ya nyumba zetu. x haijui kama mukono unaoiandika ni wa musichana ao wa kijana.

Umupeleke mutoto mahali anapofaa pia. Usimulazimishe polytekinike juu ya jina la "enjenyere" tu. Mbele ya kuuzisha kiwanja, nenda pamoja naye, muulize wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanasoma nini, wakopeshe silabusi zao kwa siku mbili, mutoto ajaribu kurasa za kwanza. Kama anaona giza tupu, heri kujua sasa, akiwa bado na wakati wa kujitayarisha.

MAJIBU YA KUNUNUA

Hapa tuseme wazi, juu ya kunyamaza ni kushiriki. Kila mwaka wako watu wanaouzisha majibu ya ekzameni, na wako wazazi, hata wakristo, wanaotoa feza. Wanasema: "Wote wanafanya hivyo." Kwanza ni wizi na uongo, na zambi haigeuki kuwa haki kwa sababu iko na watu wengi. Pili, ni kumutendea mutoto wako mwenyewe vibaya. Unamununulia mulango, lakini haumununulii miguu. Ataingia, na ndani hakuna mutu atakayemubeba. Tatu, fikiri mwisho wake. Siku moja enjenyere huyo atahesabu nguvu ya kuta za shimo, na watu watashuka ndani wakiamini hesabu yake. Hao watu ni watoto wetu na wajukuu wetu.

KWA MAKANISA

Tuko na majumba ambayo kutoka siku ya kwanza mpaka siku ya sita yanakaa bule. Tuko na mabenchi. Mara nyingi kuna ubao wa darasa la Siku ya Yenga. Katika kila parokia kuna mwalimu, ao mufanyakazi aliyestaafu ambaye alifanya hesabu maisha yake yote ku atelie. Wazee wa kanisa waombe mutu huyo jioni mbili kwa juma. Munahitaji chaki, taa moja ya jua kwa siku umeme unapokosekana, na kaye ya kuandika majina ya waliokuja. Ni feza kidogo kuliko ile tunayokusanya kwa karamu moja. Na wanafunzi wa iniversite wanaporudi likizo, wasikae tu mbele wakipigiwa makofi. Wapewe chaki.

KWA KUZUNGUMUZA NYUMBANI

1. Katika nyumba yetu, nani ana dakika 40 za kusoma kila siku, na nani hana? Sababu gani?

2. Kijana atueleze bila kaye: sababu gani 1/2 + 1/3 haiwezi kuwa 2/5? Sababu gani x² = 5x ina majibu mawili?

3. Kwa mutoto wa shule ya chini: mifuko 10 ya kilo 50, maji 10 kwa mia, shaba 4 kwa mia. Shaba ni kilo ngapi? (Mutakapopata 18, mumupigie makofi. Lakini kwanza aeleze njia.)

4. Kama mutu akituletea majibu ya ekzameni ya kuuzisha, tutamujibu nini? Tukubaliane sasa, mbele siku haijafika.

Mungu awape watoto wetu akili ya kutafuta, na uvumilivu wa kurudia musitari uliokosa.