MLANGO WA CHUO HAUFUNGULIWI NA DALALI



Ndugu Waislamu wa Ruaha Mbuyuni na vitongoji vyake. Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa mwezi Julai, barazani mwetu husikika kilio kilekile: watoto wa wenzetu wanakwenda kusoma Uturuki, Saudia na Marekani, wa kwetu wanabaki kupakia vitunguu kwenye malori ya barabara kuu. Wapo wanaosema ni hila za watu. Wapo wanaosema ni kadari. Sisi tunasema, bila kumwonea haya yeyote: sehemu kubwa ya msiba huu tumeichuma kwa mikono yetu wenyewe.

Tazameni tunavyofanya. Mzazi huvuna, huuza magunia yake, kisha humkabidhi fedha dalali anayedai kuwa "ana mtu" chuoni. Dalali hutoweka, na vitunguu vimekwishaliwa. Laiti mzazi yule angeuliza! Kuomba ufadhili wa serikali ya Uturuki hakulipiwi hata senti moja. Kuomba Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina, kilichoanzishwa mwaka 1961, nako ni bure. Hivi ni akili gani kununua kwa jasho la msimu mzima kitu ambacho mwenyewe anakigawa?

Ubaya wa pili ni kuchelewa. Maombi ya Uturuki kwa kawaida hufunguliwa Januari na kufungwa Februari, na muombaji wa shahada ya kwanza anatakiwa awe chini ya miaka 21. Oxford hufunga tarehe 15 Oktoba ya mwaka unaotangulia masomo. Anayengoja matokeo ya Julai ndipo aanze kuulizia, amekwishapitwa. Uturuki humpokea muombaji aliye bado mwaka wa mwisho wa sekondari. Sisi ndio tunaomzuia asiombe.

Ubaya wa tatu ni vyeti. Mtoto ni Ramadhani katika cheti cha kuzaliwa, Ramadhan katika cheti cha Baraza la Mitihani, na katika pasipoti jina la babu limegeuka. Mtu wa mbali asiyetujua atajuaje kuwa hao ni mtu mmoja? Kibaya zaidi, wapo wanaopunguza umri kwa cheti cha kughushi. Huo ni uongo, na uongo haugeuki kuwa halali kwa sababu umesafiri kwenda kutafuta elimu.

Mtatuambia: "Mtoto wetu hakupata daraja la kwanza." Kumbukeni Ali Mazrui wa Mombasa, mwana wa Sheikh Al-Amin Mazrui, yule mwanamageuzi aliyetoa gazeti la Al-Islah mwaka 1932. Kijana huyo alimaliza sekondari kwa daraja la tatu, akafanya kazi ya ukarani. Hakukaa kulaumu. Alipata shahada Manchester mwaka 1960, nyingine Columbia mwaka 1961, na udaktari Oxford mwaka 1966.

Hatusemi njia ni nyepesi. Harvard, Yale, Princeton na MIT hukataa zaidi ya waombaji tisa katika kila kumi. Lakini vyuo hivyo humpima mwanafunzi, hata mgeni, bila kutazama mfuko wa baba yake, na akikubaliwa humsaidia kwa kadiri ya uhitaji wake. Kwa hiyo binti wa mkulima wa vitunguu anayo haki ya kuomba kama binti wa waziri. Nani kati yetu amemwambia binti yake hivyo?

Wala tusiegemee mlango mmoja. Vijana wetu waliokuwa wakisoma Khartoum walirejeshwa nyumbani Aprili 2023 vita vilipozuka. Mwenye busara huomba vyuo kadhaa, na havisahau vya nyumbani, kikiwemo Chuo Kikuu cha Waislamu cha Morogoro, kilichopo kwenye barabara hiihii tangu 2005.

Basi tunaitaka kamati ya msikiti ifanye mambo matatu. Kwanza, kila mtoto anapoingia kidato cha tano, vyeti vyake vikaguliwe na majina yasawazishwe. Pili, tarehe za maombi zibandikwe mlangoni na zisomwe baada ya swala ya Ijumaa. Tatu, tazkia itolewe kwa anayeistahiki. Imamu asiiandike kwa sababu ya udugu, wala asimnyime maskini kwa kuwa hana wa kumsemea. Kijana mmoja ajuaye kutumia intaneti anatosha kuanza kazi hii, na hatalipwa kama dalali.

Mtume (s.a.w.) alimwelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha ndipo amtegemee Allah. Sisi tumemwacha ngamia wazi, tumekaa chini ya mbuyu tunauliza ni nani aliyemwiba.

Wabillahi tawfiq.