Kujificha Kumewakosea Nini?

Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Michezo ya video ya kunyata imejengwa juu ya hekima hiyo, na mwaka 2019 Asobo Studio ya Bordeaux, Ufaransa, iliitumia barabara. Katika A Plague Tale: Innocence walitupa Amicia de Rune, msichana wa miaka 15, akimshika mkono mdogo wake Hugo wa miaka 5, wakikimbia katika Ufaransa ya 1348: nyuma yao askari wa Inkwizisheni, mbele yao panya wa tauni. Amicia alikuwa na kombeo na akili yake, basi. Mwaka 2022 ukaja mwendelezo, A Plague Tale: Requiem. Wahakiki wakaushangilia hadi ukawania tuzo ya mchezo bora wa mwaka katika The Game Awards. Mimi sishangilii. Mchezo huu umeona haya kujificha, na haya hiyo imekula hadithi yake kutoka ndani.

Tuanze na panya. Watengenezaji walijigamba kwamba mchezo wa kwanza uliweza kujaza skrini kwa panya 5,000, na wa pili unafikisha 300,000. Haya, hongereni. Lakini nani aliomba? Wale 5,000 walitisha kwa sababu kati yako na meno yao palikuwa na kijiti kinachowaka, nacho kinaelekea kuzima. Kila hatua ilikuwa uamuzi. Wale 300,000 wanabomoa majengo, wanameza mitaa mizima, nasi kazi yetu ni kusukuma padi mbele na kukimbia. Hapo hakuna cha kuamua, na pasipo uamuzi hofu haikai. Inabaki sinema.

Sasa njoo kwa askari. Nyasi ndefu za kujilaza zipo, vyungu vya kurusha ili kuwapumbaza walinzi vipo, na viwanja ni vipana zaidi ya zamani, vyenye njia nyingi za kupita bila kuonekana. Ukiachwa humo, Requiem ni mchezo mtamu kweli. Shida ni kwamba huachwi. Unanyata, unapita, unafika upande wa pili bila kumgusa mtu, kisha njia inafungwa nyuma yako, askari wanamiminika, na huondoki hapo mpaka wa mwisho aanguke. Amicia sasa ana upinde wa kufyatua unaotoboa deraya, ana lami na moto, na akipigwa pigo moja anayumba tu, anainuka. Mtoto aliyekuwa akifa kwa kosa moja amegeuzwa kikosi.

Kinachoudhi zaidi ni kwamba mchezo wenyewe unakuhesabia tabia. Ukipita kimyakimya unapata ujuzi wa tahadhari, ukiua unapata ujuzi wa ukali, ukitumia mazingira na wenzako unapata ujuzi wa kujua fursa. Wazo safi kabisa. Ila ni mwalimu anayekusifu kwa utulivu wako asubuhi, kisha mchana anakusukuma ulingoni na kukuchapa usipopigana.

Najua jibu la watetezi, nimelisikia hadi limenichosha: eti hiyo ndiyo maana yake, vita humharibu anayepigana, na Amicia anaharibika mbele ya macho yetu. Kweli, anaharibika. Anatetemeka, anapandwa na hasira ya kuua, na rafiki yake Lucas anamwangalia kwa woga. Charlotte McBurney anayatia yote hayo sauti inayokata maini, na muziki wa Olivier Deriviere haukuachii pumzi. Lakini majuto ni ya mtu aliyekuwa na njia nyingine. Mimi ningepita kwenye nyasi. Ni nani aliyefunga njia? Si Amicia, si mimi. Ni mbunifu aliyeketi Bordeaux, ambaye anatulazimisha kumwaga damu kisha anatusomea hotuba juu ya damu. Huo ni unafiki, hata ukipambwa kwa jua la Provence na bahari ya kisiwa cha La Cuna.

Na gharama yake inalipwa mwishoni. Mchezo uko sokoni tangu 2022, kwa hiyo nausema mwisho wake waziwazi. Macula, laana iliyo katika damu ya Hugo, imemshinda. Marseille inateketea. Hakuna tiba, na Amicia anapaswa kumuua mdogo wake kwa kombeo lilelile alilomlinda nalo. Mchezo unasubiri kidole chako. Ukishindwa, Lucas anafanya kwa niaba yako. Ni uamuzi wa kijasiri, na nawavulia kofia kwa kutoukwepa kwa muujiza wa dakika ya mwisho.

Lakini fikiri jiwe hilo lingekuwa na uzito gani kama mkono wako usingekuwa umeshazoea. Hadi hapo umeshafyatua kombeo hilo mara zisizohesabika, umepasua vichwa, umesonga mbele bila kugeuka. Kitufe ni kilekile, na kidole kimeota sugu. Laiti wangetuacha tuwafiche ndugu hawa sura baada ya sura bila kuua, jiwe la mwisho lingetuvunja. Waliotumia kifo ovyo katikati walikipunguzia thamani mwishoni.

Somo halijaingia. Mwaka 2025 Asobo walitangaza Resonance: A Plague Tale Legacy, habari za Sophia, yule msafirisha magendo wa Requiem, kabla hajakutana na Amicia, na safari hii upanga umetangulia. Wafanye watakavyo, soko ni lao. Ila wasituambie wamekua. Mtu yeyote anaweza kumpa mchezaji upanga. Kumfanya ajibane gizani na mtoto ubavuni, ashike pumzi, na atoke upande wa pili akijiona mshindi bila kumwangusha yeyote, hiyo ndiyo kazi ya fundi. Asobo waliiweza mara moja. Warudi kazini.