Miradi ya vijana: tuulize teneri, si mifuko tu

Ndugu wafanyakazi wa migodi, mama na baba wa Kolwezi, Likasi, Fungurume na Lubumbashi,

Hakuna mtu kwetu asiyejua namna mawe yanauzishwa. Mkrezeri akifika kwa depo, hawamlipe juu ya uzito peke yake. Wanapima kilo, kisha wanaweka mashini ya Metorex juu ya mawe, njo inasema teneri. Mifuko kumi ya teneri ya chini inaweza kuleta franga kidogo kuliko mifuko tatu ya mawe mazuri. Hata mtoto wa Musompo anajua hesabu hiyo.

Basi juu ya nini, tukifika kwa miradi ya kuondosha vijana katika karyeri, tunarudi kuhesabu mifuko?

Someni raporo za ONG. Vijana mia mbili wamefundishwa kushona, kusude vyuma na mekanike. Breve zimetolewa, vyombo vya kazi vimegawiwa, wakubwa wamesema hotuba, picha zimepigwa. Na raporo inaisha palepale maisha ya kijana yanaanza. Kisha mwaka mmoja, wangapi wanakula juu ya kazi ile waliyofundishwa? Wangapi waliuzisha mashini ya kushona juu ya kununua unga? Wangapi wamerudi mu shimo? Hapo ukurasa uko mweupe.

Jambo hili si dogo. Mwaka 2014 Unicef ilikadiria kama watoto karibu 40.000 walikuwa wanatumika katika migodi ya kusini ya Congo. Januari 2016, Amnesty International na Afrewatch walionyesha dunia namna kobalti yenye kuchimbwa na watoto inafika katika telefone na batri. Tangu pale miradi imekuja mingi. Hatuikatae. Lakini mzazi ana haki ya kuuliza: mtoto wangu amepata nini?

Tena, sehemu ya franga ile inatoka mu jasho yetu. Sheria ya Migodi ya tarehe 9 Machi 2018 inaomba kila kampuni yenye kuchimba itoe angalau 0,3% ya mauzo yake ya mwaka juu ya maendeleo ya watu wenye kukaa karibu na mgodi. Kuna pia mapatano yenye kuitwa cahier des charges, ambayo kampuni inaandika pamoja na wanakijiji. Kwa hiyo hatuko waombaji wa msaada. Tuko wenye mali, na mwenye mali anauliza hesabu.

Lakini tuwe na akili: kuhesabu peke haitoshe, lazima kujua ni nini ilileta mabadiliko. Mkumbuke mwaka 2019. Bei ya kobalti, yenye ilipanda sana mwaka 2018, ilianguka. Septemba ya mwaka ule ule, masomo ya msingi ya Serikali ikatangazwa kuwa ya bure. Mradi wenye ulianza wakati ule unaweza kusema: "Angalieni, watoto wameacha karyeri, wako mu masomo, ni kazi yetu." Pengine ni kweli. Pengine ni bei, pengine ni masomo ya bure. Njia ya kujua iko moja: kutazama pia kartie ya jirani, kule mradi haukufika. Kama watoto wa kule nao wameacha, basi mradi usijisifu sana. Na bei ikipanda tena, twende kuona kama vijana wa mradi wanabakia na kazi yao ao wanakimbilia shimo. Pale njo mtihani wa kweli.

Iko na swali la pili: nani anashika Metorex? Wakrezeri wanalia miaka mingi juu mnunuzi njo anapima mwenyewe, kwa mashini yake mwenyewe. Katika miradi iko vilevile. ONG inafanya kazi, ONG inajipima, ONG inajipa pointi. Tunaomba wazazi, sefu wa kartie na wajumbe wa sindika wawe pale wakati wa kupima.

Wengine watasema vijana wanahama, namba ya telefone inabadilika, hawapatikane. Ni kweli, kijana wa leo Kolwezi, kesho Kambove. Lakini siku ya kwanza muandike jina la mama, la shangazi, la kanisa lake. Kwetu mtu hapotei, kama unauliza jamaa yake. Na yule asiyepatikana asifutwe katika hesabu. Aandikwe kama hakupatikana.

Tunaogopa pia kitu kingine. Kama wenye kutoa franga watamuazibu kila mwenye kuleta hesabu mbaya, ONG zitajifunza kuchagua. Watatwaa kijana mwenye diplome, mwenye baba ana mshahara, na watamwacha yatima mwenye hajui kusoma, juu atawaharibia hesabu. Kwa hiyo raporo iseme wazi ni vijana gani waliingia, wangapi waliacha katikati na juu ya nini. ONG yenye kusema "kushona haikuleta kazi, soko limejaa, tunabadilisha" tuiheshimu kuliko yenye kusema kila kitu ni kizuri.

Basi tunaomba mambo matatu. Kila mradi wa vijana uweke franga pembeni tangu mwanzo juu ya kurudi kuona vijana kisha miezi sita na kisha mwaka. Matokeo yasomwe mbele ya watu, mu kartie, kwa Kiswahili, si katika hoteli tu kwa Kifaransa. Na kamati zenye kugawa ile 0,3% zisiongeze mradi wowote mbele ya kusikia matokeo ya ule wa kwanza.

Na sisi wa sindika tuanze kwetu. Tunapotafutia watoto wa wafanyakazi nafasi ya kujifunza kazi, tuandike majina, na mwaka ukiisha twende mlango kwa mlango. Hatuwezi kuomba wengine hesabu kama kaye yetu iko tupu.

Mawe tunayapima mara mbili mbele ya kuyauzisha. Watoto wetu hawawezi kuwa chini ya mawe.