Mzimeni Mtangazaji

Nikialika marafiki Jumamosi usiku kucheza mpira wa kwenye runinga, jambo la kwanza nifanyalo ni kumnyamazisha mtangazaji. Mchezo ulibadili jina mwaka 2023 ukawa EA Sports FC, nasi tungali twauita fifa. Mtangazaji wake anatusimulia kwa Kiingereza. Kwangu, aliyefungwa huachia zamu, akashika utangazaji kwa Kiswahili, mkononi ana kiazi karai kinachochuruzika ukwaju. Hapo husikika vijembe, mafumbo, hata vina visivyokusudiwa. Wako wanaodai michezo hii yawaharibia vijana lugha. Waje wamsikilize fundi seremala akisimulia penalti iliyogonga mwamba! Pilau husubiri fainali, na hilo tu ndilo wageni wangu hulilalamikia.