Deni si Aibu, Kulificha Ndiko Hatari

Kijana wa Mbuji au wa Liuli anapoomba kazi ya polisi, ya uhamiaji au ya kutunza masjala ya siri, jina lake hupelekwa kwenye upekuzi kabla hajakabidhiwa dhamana hiyo. Wazee huulizwa tabia yake. Vyeti vyake hutazamwa. Jambo ambalo watu wengi hawalipi uzito ni madeni yake, na zaidi ya madeni yenyewe, namna anavyoyasema.

Sisi watu wa kahawa twalijua deni kuliko wengi. Tumeona magoma yalivyomfilisi mkulima: ada ya shule inadaiwa, mtoto anaumwa, basi kahawa inauzwa ingali mtini kwa bei ya kutupa, na msimu ukifika mvunaji anavuna mali ya mwingine. Mtu wa namna hiyo si mhalifu. Lakini tusijidanganye, kwani hayuko huru mbele ya yule anayemdai.

Sasa mtu huyo awe ni ofisa wa forodha pale Mbamba Bay, ambapo ng'ambo ya maji kuna Malawi na kusini kuna Msumbiji. Kadi yake ya benki imeshikwa na mkopeshaji wa kausha damu pamoja na namba ya siri. Jioni moja mfanyabiashara anakuja, analipa deni lote, wala haombi siri yo yote ya Serikali. Anaomba tu kwamba boti moja isitazamwe usiku huo. Mwezi unaofuata boti huwa mbili.

Wala haya si mambo ya nchi maskini peke yake. Mwaka 1985 Aldrich Ames, ofisa wa Shirika la Ujasusi la Marekani aliyekuwa amezongwa na madeni, aliingia katika ubalozi wa Urusi ya Kisovieti mjini Washington akaanza kuuza siri za nchi yake. Alinunua nyumba kwa fedha taslimu na kutembelea gari la Jaguar, akawaambia wenzake kuwa jamaa za mkewe huko Kolombia walikuwa matajiri. Waliamini. Alikamatwa mwaka 1994, na wakati huo watu kadhaa aliowataja walikwisha kuuawa. Deni ndilo lililomfikisha mlangoni pa ubalozi, na uongo ukamweka kazini karibu miaka tisa.

Hata hivyo hatukubaliani na wale wanaotaka kila mwenye deni afungiwe mlango. Karibu kila mtoto wa mkulima aliyepita chuo kikuu anadaiwa na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, na akiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka deni liishe. Tukisema mdaiwa asilinde mpaka, tutakuwa tumesema mpaka ulindwe na watoto wa wenye uwezo tu. Jirani zetu wa Kenya wamedai waombaji wa kazi za umma walete hati za kodi, za mikopo ya elimu na za taasisi zinazoweka kumbukumbu za wakopaji, na vijana wasio na kazi wamelalamika, kwa haki kabisa, kuwa wanadaiwa walipe kwanza ndipo wapate kazi ya kuwawezesha kulipa.

Sheria yetu ya Maadili ya Viongozi wa Umma, Namba 13 ya mwaka 1995, ilitumia busara katika jambo hili. Haikumkataza kiongozi kukopa. Ilimtaka atamke mali na madeni yake anaposhika madaraka, kila mwisho wa mwaka na anapoondoka, na tamko la uongo ndilo lililofanywa kosa. Wenzetu wa Visiwani wanayo sheria yao ya mwaka 2015 yenye shabaha hiyo hiyo. Na kwa kuwa polisi, uhamiaji na ulinzi ni mambo ya Muungano, kijana wa Wete huweza kupangiwa kazi ufukoni mwa Nyasa na wa Mbuji akapangiwa bandari ya Unguja. Kwa hiyo uzembe wa upekuzi upande mmoja huumiza upande wa pili.

Mwezi Aprili 2017 watumishi 9,932 walitangazwa kuwa na vyeti vya kughushi. Bila shaka walikuwemo waliofanya kazi vizuri kwa miaka mingi. Waliondolewa kwa sababu mwajiri hawezi kujua aliyedanganya kwenye cheti atadanganya wapi tena.

Yako na madeni yanayofichwa bila kukusudia. Mei 12, 2017, Benki Kuu iliifutia leseni Benki ya Wananchi Mbinga kwa upungufu wa mtaji na ukwasi, na Bodi ya Bima ya Amana ikateuliwa kuwa mfilisi. Wako wanaodhani kuwa benki ikifa na mkopo hufa. Sivyo, mfilisi hurithi vitabu vyote, na anayejaza fomu kwamba hadaiwi ameandika jambo lisilo kweli.

Tunapendekeza kila anayepekuliwa aulizwe madeni yake yote, ya benki, ya vikoba, ya magoma na ya mkopeshaji wa mtaani, na aahidiwe kwamba kusema kweli hakutamharibia. Kwa aliyeficha kusiwe na huruma. Serikali za vijiji nazo ziache kuandika barua za utambulisho kwa kujuana.

Lakini Serikali nayo ijitazame. Mtumishi anayehamishwa kutoka Pemba hadi Mbamba Bay, akacheleweshewa posho ya uhamisho huku ana mke na watoto wa kulisha, atakwenda kukopa dukani wiki ya kwanza. Posho hiyo ilipwe kabla hajapanda meli.