Mpagazi naye alikwenda vitani

Nakiri: tarehe 11 Novemba sikutaka kwenda. Mwenzangu wa idara ndiye aliyenivuta hadi uwanja wa parokia, ambako familia za mtaa huwakumbuka waliotumikia katika Force Publique. Mimi nilishikilia kwamba vita vile vilikuwa vya Wazungu, wazee wetu waliingizwa tu kwa nguvu, basi tunasherehekea nini?

Hotuba, vyeo, majina, hata dakika ya ukimya, vyote vilitangazwa kwa Kifaransa mbele ya wazee ambao nyumbani husema Kiswahili. Mama mmoja mzee akaniinamia: «Mwanangu, banasema nini?» Nikamweleza kwamba wanaita majina ya askari waliotumikia Tabora, Saio na Burma. Akangoja orodha imalizike. «Na nkambo yangu? Alibebaka mizigo mpaka ku Tabora.»

Sikuwa na jibu.

Tabora ilitekwa tarehe 19 Septemba 1916. Jenerali Tombeur alipewa ubaroni, na jina la mji huo likaunganishwa na lake. Lakini risasi, magunia ya chakula na mizinga iliyofunguliwa vipande vipande havikujipeleka kule. Barabara za magari hazikuwako, na wanyama wa mizigo walikufa kwa ugonjwa wa mbung'o. Kwa hiyo mzigo ulipanda kichwani pa mtu. Wapagazi walikuwa wengi kuliko askari, na kuhara, nimonia na njaa viliwaua bila wao kupiga risasi hata moja.

Sisi wa isimu tunajua kusimulia jinsi jeshi lilivyoeneza Lingala. Lugha ya kambi tumeichambua. Lugha ya njia ya mizigo bado. Na maneno yenyewe yanatushtaki. «Soda» ana namba, cheo na medali. «Mupagazi» ana kamba na mzigo, na orodha ikisomwa haitwi. Dar es Salaam angalau ina Kariakoo, jina lililotokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza, na kwenye sanamu ya Nairobi mpagazi amesimama pamoja na askari. Kwetu Bukavu ina Kambi Saio, lakini waulize wanaopita pale kila siku kama wanajua kwamba Saio iko Uhabeshi, na kwamba Waitalia walisalimu amri huko Julai 1941.

Wengine watasema, kama nilivyosema mimi, kwamba kumheshimu mpagazi ni kuusifu ukoloni. Sikubali tena. Tukinyamaza, orodha ya mkoloni ndiyo inayobaki, naye alimwandika yule aliyetaka kumwandika.

Kwa hiyo naomba mambo mawili, nayo hayahitaji bajeti. Mwakani wanafunzi wa idara wajitolee kuisoma sherehe ile kwa Kiswahili, Kiswahili cha hapa, si kile cha vitabu tu. Tena baada ya orodha, familia zipewe nafasi ya kutaja wapagazi wao kwa sauti, na sisi turekodi. Walimu wetu hutuhimiza tutafute mada za utafiti. Hii imekaa kwenye benchi la parokia, ina zaidi ya miaka sabini, na haitatungoja sana.

Mama yule alinitajia jina la nkambo yake mara mbili, polepole, ili nisikosee toni. Nililiandika nyuma ya karatasi ya programu, chini ya jina la mkuu wa itifaki.